Bi Thibitisha na Faili la Kati

Wifi yangu alipoletwa nyumbani kwetu mara ya kwanza, mama alimwambia atie chumvi kidogo kwenye sufuria. Akasimama na kijiko mkononi, akauliza kidogo ni kiasi gani. Mama akadhani anatania, akasema kidogo ni kidogo, mwanangu. Yeye hakuwa anatania. Akataka kujua ni kijiko kile au cha chai, na kiwe kimejaa mpaka juu au kimesawazishwa. Mimi nilikuwa hapo hapo nakatakata vitunguu, nikainua macho nikamtazama toka juu mpaka chini. Nikasema moyoni, huyu amekuja kutupima. Tangu siku hiyo sikumwamini, wala sioni haya kulisema.

Kazini wanamwita Bi Thibitisha. Jina hilo hakupewa bure. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kwanza mkono dirishani. Fundi seremala alimletea meza akamwambia hii ni imara, mama, akaulizwa imara kwa kubeba nini, na ikitikisika kiasi gani ndiyo itakuwa si imara tena. Yule bwana alipokea chake akaondoka bila kuaga. Akikuta sentensi yenye mlango wa kutokea, wifi atasimama nayo mpaka uufunge. Mtu akisema "karibuni" au "kama kawaida" mbele yake, anajikuta anatoa ushahidi.

Kuna siku alinieleza kisa chake, akiwa katika hali nzuri. Mama yake aliandikiwa dawa, na kwenye bahasha wakaandika mbili mara tatu, basi. Aliyeandika alikusudia vidonge viwili, asubuhi, mchana na jioni. Mama wa watu akaelewa ni hesabu, viwili mara tatu, akawa anameza sita kwa mkupuo. Hakufa, lakini masikio yake hayakurudi kuwa kama zamani, na hadi leo ukimsalimia lazima umkaribie. Wifi alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Alinisimulia huku anakunja nguo, bila kuinua uso. Nilimwonea huruma, nikasema kweli, hilo linauma. Lakini kumwonea mtu huruma na kumwamini ni vitu viwili.

Tunafanya kazi mahali pamoja, yeye, mimi na mumewe, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja. Karakana yetu iko ghorofani, juu ya duka la matairi, kwa hiyo mchana kutwa tunanusa mpira. Tunatengeneza visanduku vya kuwapasha joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Ndani ya kila kisanduku kuna chipu ndogo kama ukucha. Hiyo ndiyo inayopima joto, inayowasha na kuzima hita, na inayopiga kengele mambo yakiharibika. Kazi yangu ni kuchomelea. Natia risasi, ile inayoyeyushwa kwa chuma cha moto, kwenye miguu ya chipu na vitufe, na mkono wangu hautetemeki.

Sasa, chipu yenyewe haina kioo wala kibodi, huwezi kuikalia ukaiandikia programu. Programu inaandikwa kwenye kompyuta za kawaida, ambazo ni ukoo mwingine kabisa, wala hazitumii lugha ya chipu, kisha inatafsiriwa na kuhamishwa. Zamani tulitumia vifaa vya kununua kwa kazi hiyo. Aliyetuuzia akaacha kuvihudumia, akaacha na kupokea simu. Meneja akaapa kwamba hatutatekwa tena na mtu, tutajitengenezea vyetu.

Kijana mmoja mpole tunayemwita Miwani akapewa kutengeneza kitafsiri. Hicho kinachukua kila sehemu ya programu, ya joto, ya kengele, ya taa, na kuigeuza iwe katika lugha ya chipu. Mdogo wangu akapewa kiunganishi, ambacho kinazipokea sehemu zote zilizotafsiriwa na kuzipanga pamoja ndani ya kumbukumbu ya chipu. Ndiyo maana wakambandika jina la Gundi. Na kati ya hao wawili lazima kuwe na faili ambalo mmoja anaandika na mwenzake anasoma. Sisi tukaliita faili la kati. Mtu wa kuamua faili hilo liweje, kipi kitangulie, kipi kifuate, kila tarakimu ina maana gani, alikuwa Bi Thibitisha. Nani mwingine tena?

Alisema maelezo ya faili atayaandika kwa Kiswahili. Meneja akacheka, akamuuliza kama hayo maneno yapo. Wifi hakumkopesha. Akamwambia ameshakaa kwenye vikao vingi ambako maneno ya kigeni yanapita juu ya vichwa, watu wazima wanatikisa vichwa, na hakuna anayethubutu kusema hajaelewa. Yeye anataka maneno ambayo mtu akiyasoma hana pa kujificha. Meneja akaacha, maana kubishana naye kunachosha kuliko kupanda ngazi zetu.

Basi akaanza kuyahoji maneno kama askari anavyohoji mtu aliyemkuta na pikipiki isiyo yake. Neno "hadi" alilifukuza kabisa. Alisema ukimwambia mtu soma hadi mstari wa kumi, hujui kama wa kumi anausoma au anauacha. "Mwisho" akalifukuza kwa kosa hilo hilo. Alikuwa anakuja kwenye meza yangu, mimi nimeshika chuma cha moto, ananiuliza wifi, ukisikia kichwa cha faili unaelewa nini. Nikamwambia naelewa kwamba kinakuuma, kapumzike. Akaandika jibu langu pembeni kama vile lilikuwa la maana.

Na akaweka amri moja, ambayo ndiyo iliyotuponza. Miwani na Gundi wasiulizane kitu chochote kuhusu faili la kati, na wasimuulize yeye. Kila mmoja asome maelezo peke yake, atengeneze chake. Kama haimo kwenye maelezo, haipo. Miwani, Gundi na meneja wote waliikubali, kwa sababu ilikuwa na akili ndani yake. Tulishakuwa na fundi aliyekuwa anaeleza kila kitu kwa mdomo, mambo yakaenda vizuri, na alipohama alihama na kichwa chake. Wifi alitaka maelezo yaweze kusimama hata sisi wote tukiondoka.

Nyumbani nako amri ikaingia. Mume na mke kufanya kazi moja kunawasha watu midomo, na wapo waliosema Gundi atanong'onezwa majibu kitandani. Wifi akaapa kwamba habari za faili hazitavuka kizingiti cha nyumba yao. Nikienda kuwatembelea nawakuta wanakula, mmoja anaomba maji, mwenzake anampa, kimya. Wawili wanaotengeneza kitu kimoja mchana kutwa, jioni hawana la kuambiana. Nilirudi kwangu nikawaza, hii ndoa ina walakini.

Kwa muda mrefu kila kitu kilikwenda sawa. Miwani anatafsiri, Gundi anaunganisha, mimi nachomelea, kisanduku kinapata joto, chupa ya maji tunayoilaza ndani badala ya mtoto inabaki vuguvugu kama inavyotakiwa. Meneja akaanza kuvaa koti. Kisha sehemu ya kengele ikaandikwa upya ili iwe na mambo zaidi, na baada ya hapo kisanduku kikaingiwa na shetani. Kengele ikilia, ukibonyeza kitufe cha kuinyamazisha, kipimo cha joto kinaruka juu ghafla. Kisanduku kinadhani mtoto anaungua, kinazima hita, na ile chupa inapoa. Mbaya zaidi, mara kinafanya hivyo, mara hakifanyi. Mkikikalia roho juu kinatulia kama maji ya mtungi.

Wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi. Si ni kitufe, na vitufe nachomelea mimi? Meneja akaja na lenzi, akainamia kazi yangu kama anatafuta chawa. Hakuona kitu. Akamwambia Miwani achomelee kimoja upya, mbele yangu, mtu ambaye hajui hata chuma kinashikwa upande gani. Nilijikaza kisabuni, lakini jioni nililia chooni kwa hasira. Kisanduku alichochomelea Miwani nacho kikaruka vile vile, na hakuna aliyenigeukia kuniambia samahani.

Wakazishuku chipu, wakabadilisha. Wakaushuku umeme wa jengo. Vitu vya kushuku vilipokwisha wakaanza kushukiana. Kuna mtu alisema amemwona Gundi getini kwa wale wenzetu wa upande wa pili wa mji, ambao nao wanatengeneza visanduku kama vyetu. Siku nyingine akaonekana tena, anatoka na mfuko. Aliulizwa na meneja, akajibu kwamba ni mambo yake. Basi kwisha habari yake. Wenzake kazini wakaanza kugeuza kompyuta zao akipita. Akiingia jikoni kuchemsha chai, waliomo wanakumbuka kwamba wana kazi. Funguo ya chumba cha visanduku ikahamishwa kutoka kwenye msumari wa ukutani ikaenda mfukoni kwa meneja.

Nilimfuata mdogo wangu kwenye ngazi nikamuuliza kule anafuata nini. Akaniambia, dada, niache. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mwenyewe, hajawahi kunificha hata jeraha. Nikataka kumwamini, na nusu yangu ikakataa, na hiyo nusu naichukia hadi leo.

Meneja akatangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na kikao, na mhusika atajulikana. Kila mtu alijua mhusika ni nani. Na jambo halikuwa la kufukuzwa kazi tu. Fani yetu ni ndogo, wote tunajuana. Ukishasemwa kwamba wewe ndiye uliyechezea mashine ya kutunza watoto wachanga, nani atakupa kazi tena? Hata kutengeneza redio hutapewa. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kupoteza jina lake, na jina likishachafuka hivyo hulifui.

Na mke je? Hapo ndipo roho yangu iliponichafuka. Bi Thibitisha hakusema neno la kumtetea mumewe, hata moja. Asubuhi anakaa mezani kwake, mbele yake karatasi za kila kitu kilichotoka kwenye kiunganishi cha Gundi, mistari na mistari ya tarakimu, anafuatisha kwa rula. Mchana yuko hapo hapo. Gundi anapita, anasimama kidogo nyuma ya kiti chake, anamtazama alivyoinama, halafu anakwenda zake. Nilimwambia yule mwanamke kule bafuni, tukiwa tunanawa mikono, kwamba mume wako wanamla nyama. Akafunga bomba. Akasema, "Wifi, mimi nafuata ushahidi." Nikatoka kabla sijasema neno ambalo ningelijutia.

Ijumaa tukaingia kikaoni, meneja, Miwani, Gundi, wifi, na mimi niliyeambiwa nije na bodi nilizochomelea. Chumba chenyewe kina meza moja na feni isiyozunguka. Meneja akalaza karatasi mbili mezani, akaziweka sambamba. Alieleza kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kisanduku kinaumwa nini. Kila sehemu ya programu ina kipande tupu, yaani inaomba pahali pa kuandikia hesabu zake ikiwa kazini. Sehemu ya joto inaandika joto pake, na sehemu ya kengele inaandika mambo yake pake. Ila kiunganishi kilikuwa kimezipa zote mbili pahali pale pale kwenye kumbukumbu. Zinalala kitanda kimoja. Kengele ikibonyezwa inaandika tarakimu yake, na kama joto linasomwa wakati huo huo, tarakimu ya kengele ndiyo inayosomwa.

"Hili silo jambo la bahati mbaya," meneja akasema. "Bi Thibitisha aliponiletea karatasi hizi juzi, aliniambia mwenyewe kwamba hakuna pahali kwenye maelezo panaporuhusu kitu kama hiki. Aliniambia nikuulize wewe, Gundi, kwa sababu yeye ameshindwa kuona sababu njema."

Mdogo wangu hakumtazama meneja. Aligeuka akamtazama mkewe, na uso wake sitausahau, kama mtu aliyerudi akakuta kufuli lake limebadilishwa. Wifi aliitazama meza. Mimi nilikuwa na bodi mkononi, na Mungu anisamehe, nilifikiria kumrushia.

Gundi akasema taratibu kwamba yeye hakuzipa sehemu hizo pahali popote, pahali palikuja pameandikwa. Faili la kati la joto limesema kipande tupu kina nafasi fulani, kiunganishi kikakiweka kwenye nafasi hiyo. Faili la kengele likaja na nafasi ile ile, kikakiweka hapo hapo. Tena alishangaa, akasema, tangu mwanzo alishangaa kwa nini kitafsiri ndicho kinachopanga nani akae wapi, lakini amri ilikuwa wasiulizane.

Miwani akavua miwani yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kitafsiri hakipangi nani akae wapi," akasema. "Kinaandika kila mmoja anahitaji kiasi gani. Nafasi yake. Ukubwa wa nafasi anayoihitaji. Joto na kengele siku hizi zinahitaji kiasi sawa."

Meneja akavuta maelezo, akapekua, akasoma kwa sauti ule mstari. Kipande tupu hakina kitu ndani, kiandikiwe nafasi yake tu. Akasoma tena. Niliusikiliza, na nakwambia kweli, mara ya kwanza nilisikia kiasi, mara ya pili nikasikia mahali. Jamani! Mwenye nyumba akikuuliza unataka nafasi kubwa kiasi gani, na mwalimu akikwambia kaa kwenye nafasi yako, si neno moja hilo? Miwani alisoma la mwenye nyumba. Mdogo wangu alisoma la mwalimu. Kitafsiri kikiandika arobaini kwa maana ya kiasi, kiunganishi kinasoma mahali namba arobaini. Mwanzoni sehemu za programu zilikuwa zimeachana sana kwa ukubwa, kila moja ikaangukia mbali na mwenzake, ndiyo maana hatukuona kitu. Kengele ilipoongezwa ikalingana na joto, zikakutana.

Yule mwanamke aliyeyafukuza "hadi" na "mwisho" hakulihoji "nafasi" hata siku moja. Tunalitumia kutwa nzima. Una nafasi leo, nafasi ya kazi, nipe nafasi nipite. Lilipita mbele yake kama jirani, hakuna aliyelisimamisha.

Meneja naye hakuwa tayari kuachia. Alishajiandaa kumpata mtu, na mtu alikuwa hajapatikana. Akamgeukia wifi, akamwambia yeye ndiye aliyeandika, basi yeye ndiye anayejua. Nani kati ya hawa wawili amesoma vibaya? Na kabla hajajibu, akaongeza kwamba Gundi bado hajaeleza anachofuata kule upande wa pili wa mji.

Hilo alilijibu Gundi mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kule yuko rafiki aliyesoma naye, ana kifaa cha kuchungulia kumbukumbu ya chipu ikiwa inafanya kazi, sisi hatuna. Alikuwa anakiazima na kukirudisha. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani alikuwa anatafuta kosa kwenye kiunganishi chake mwenyewe, maana alijua mkono wake ndio uliogusa mambo mara ya mwisho, na alikuwa anajishuku. Hakusema kwa sababu ya aibu. Na nyumbani hakusema kwa sababu nyumbani mambo hayo hayasemwi.

Sasa kila mtu alikuwa anamtazama Bi Thibitisha. Nilijua anaweza kufanya nini. Kwa mdomo wake angeweza kusema alikusudia ukubwa, na kwa hiyo Miwani yuko sahihi, na mumewe ndiye aliyepotoka. Na kweli alikusudia ukubwa. Angebaki safi, maelezo yake yangebaki safi, na meneja angempata mtu wake. Alivuta zile karatasi akazisoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akazilaza mezani.

"Wote wawili wamesoma sawa," akasema. "Nimeandika vibaya mimi. Na amri ya kutoulizana niliiweka mimi. Wangeulizana siku ya kwanza, hili lingekwisha kabla ya chai."

Meneja akataka kujua kama anaelewa anachokisema, kwamba kisanduku kimechelewa na wanunuzi wamekasirika na lazima aandike jina la mtu. Wifi akamwambia aandike lake. Akachukua kalamu hapo hapo, akakata neno nafasi, pembeni akaandika ukubwa, na chini akaongeza mstari mpya kwamba mahali pataamuliwa na kiunganishi. Akampa Miwani asome, akamuuliza ameelewa nini. Akampa Gundi asome, akamuuliza ameelewa nini. Gundi akamjibu kwa heshima, kama anavyojibiwa mtu wa ofisi nyingine.

Kosa lilirekebishwa siku ile ile. Tulibonyeza kitufe mpaka vidole vikauma, joto halikuruka. Meneja akampa Gundi mkono mbele ya watu, akairudisha funguo kwenye msumari wa ukutani, na wale waliokuwa wanakimbia jikoni wakaanza kumchekea. Maelezo ya faili la kati akakabidhiwa Miwani ayasimamie. Bi Thibitisha akahamishiwa kwenye kujaribu visanduku, kazi ya kubonyeza na kuandika. Alihamisha vitu vyake mwenyewe. Hakulalamika, na hakuna aliyemsaidia kubeba, mimi pia nikiwemo.

Jioni hiyo mdogo wangu alikuja kwangu na begi. Nikamtandikia sebuleni, na siku zilizofuata alikwenda kazini na kurudi, anakula, anaosha sahani yake, anatazama ukuta. Nikajaribu kumponda mkewe ili nimpoze, maana maneno nilikuwa nayo tele. Akaniomba ninyamaze. Alisema anachokumbuka si zile karatasi mezani. Anakumbuka kwamba walilala kitanda kimoja usiku wa kuamkia siku aliyozipeleka, na asubuhi mkewe alimchemshia chai.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, mlango ukagongwa. Ni wifi. Nilifungua nikasimama katikati ya mlango kwa makusudi, mikono kiunoni. Alikuwa amekonda. Nilishajipanga siku nyingi nitamwambia nini, toka habari ya chumvi mpaka habari ya kikao. Akanisalimia, shikamoo wifi, na kwa kweli nikaitikia kwa shida. Hakuniomba apite. Aliongea akiwa pale pale nje, juu ya bega langu, na mumewe alikuwa mezani nyuma yangu anamsikia.

Alisema ameshaomba radhi kazini, na radhi ya hapa ni kubwa zaidi, ataiomba akiruhusiwa. Lakini kwanza amekuja na swali, kwa sababu alipaswa kuuliza na hakuuliza.

"Zile siku zote nilizokuwa nimeinamia kazi yako," akasema, "na sikukwambia neno. Wewe ulielewa nini?"

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kimeshapoa.

"Nilielewa kwamba unanitetea," akasema. "Kila nikipita nikikuona umeinama, nilikuwa najiambia, angalau mke wangu ananitafutia pa kutokea."

Wifi akaziba mdomo kwa mkono. Nilitoka pale mlangoni nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikaosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.